Fundi wa shemine wa Kadutu: mwiteni kabla ya mvua

Wenzangu wa Muhumba na Nguba hapa Bukavu mnaokaa kwenye nyumba za zamani za matofali, shida hii mnaijua. Mvua inapiga usiku kucha, asubuhi unakuta weusi umezunguka jiko la kuni pale sebuleni: unga mweusi, vipande vyembamba vinavyopasuka chini ya kandambili, na mchanga usiojua umetoka wapi. Unafagia. Mvua nyingine, umerudi palepale. Nyumba yetu ilijengwa mji huu ukiitwa bado Costermansville, yaani kabla ya 1954, na jiko la chuma liliwekwa baadaye ndani ya mdomo wa shemine ya wakati ule, yaani meko ya ukutani yenye dohani ya matofali, bomba lake likapanda katikati ya matofali.

Alianza kuja kijana mmoja, simtaji, na mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani. Masizi ni laini mno. Yaliingia kwenye mashine mbele yakatokea nyuma, mapazia yote yakawa meusi. Tena mashine ya namna hiyo ikinyonya kaa moja tu lenye moto bado, mfuko wake unaweza kuwaka. Alilipwa akaenda zake, uchafu ukabaki.

Huyu ninayemsifu leo anafanyia kazi upande wa Kadutu, kwenye wachomeleaji wa milango na majiko ya bati. Hana kibao, uliza tu fundi wa shemine. Alipofika hakugusa jiko kwanza. Alipiga magoti, akakusanya ule uchafu wa sakafuni kwenye karatasi nyeupe, akautenga polepole kwa ncha ya kisu. “Mama, sogea uone.” Unga mkavu akausukuma pembeni: masizi ya kawaida, hayana neno. Vile vipande vinavyong’aa kama chupa nyeusi iliyovunjika akavishika kwa uangalifu zaidi. Hiyo ni kreosoti. Moshi wa kuni mbichi unapanda ukiwa na maji mengi, unapoa njiani na kuganda kwenye kuta za bomba. Ikishika moto humo ndani, joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na juu yake kuna mbao za dari. Wekundu uliochanganyika humo ulikuwa kutu. Mchanga ulikuwa chokaa ya viungo vya matofali inayobomoka. “Kutu na chokaa vinasema maji yanaingia juu,” akasema, “na nyie mnafagia chini.”

Kwa maelezo hayo peke yake ningemlipa.

Akavuta jiko mbele, na hapo ndipo siri ilipokuwa. Nyuma yake, kati ya chuma na ukuta wa shemine, kuna kama rafu ya matofali isiyoonekana ukisimama sebuleni. Miaka yote takataka za juu zilikuwa zinaangukia pale. Mvua ikiingia inazilowesha, zinateremka chini ya miguu ya jiko mpaka sakafuni. Alitoa ndoo nzima, pamoja na majani makavu ya kiota. Sehemu nyingine ya kiota ilikuwa bado imekwama ndani ya bomba, na jambo hili naomba mlichukulie kwa uzito. Bomba likiziba, hewa ya sumu ya moto, monoksidi ya kaboni, inabaki ndani ya nyumba. Haina rangi, haina harufu. Tumekwisha kuzika watu waliolala na mbabula, yaani jiko la makaa, chumbani huku madirisha yamefungwa. Jiko lenye bomba lililoziba linaua vilevile.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utaratibu. Shuka kuukuu iliyoloweshwa ikafunika mdomo wote wa shemine, ikabanwa kingo zote. Kijana wake hakupanda juu mpaka jua lilipokausha mabati. Kwa bomba la chuma walitumia burashi ya nyuzi za plastiki ngumu, maana waya unalikwaruza; ya waya wakaiweka kwa matofali. Walipomaliza kusugua, nilidhani atafunua. Hapana. Alikaa, akaomba chai, akaacha vumbi litue lenyewe nyuma ya shuka. Ndiyo maana sakafu yangu ilibaki safi. Mwisho akaingiza kioo kidogo chini ya bomba na kuniita: niliona duara la anga, kingo zake safi pande zote.

Malalamiko ninayo. Kofia ya bati aliyoitengeneza kuzuia mvua na ndege alizungushia wavu wa matundu madogo mno, masizi yakaanza kuuziba, jiko likarudisha moshi. Ilibidi nimpigie simu mara kadhaa ndipo akaja kubadilisha wavu wa matundu mapana, ingawa hakudai kitu. Pia alizibia nafasi kati ya bomba na matofali kwa saruji ya kawaida, nayo imeshapasuka kwa joto. Alinitoza dola 40, kofia ikiwemo, na bado naona ni halali.

Kuhusu kuni, alikuwa mkali nami, na naona ni sawa. Mikaratusi inayoshuka kutoka Kabare inauzwa mbichi. Nunueni Juni kiangazi kinapoanza, ipasueni, ipangeni barazani palipo na upepo, muiache mpaka maji yake yashuke chini ya asilimia 20. Mkigonganisha vipande viwili vikavu vinalia. Vibichi vinatoa sauti nzito. Majivu tieni kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, si ya plastiki, kwa sababu makaa yanaweza kukaa na moto humo siku kadhaa.

Bomba hata likionekana zima, lisuguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Mkimpigia, mwambieni mapema upana wa bomba lenu. Langu ni sentimita 15. Burashi anazitengeneza mwenyewe kwa kipimo, na akija na isiyolingana atarudi Kadutu kuifuata, siku yenu imekwisha.