TAHADHARI: Wanaouza sarafu ya fedha ya "joka la ndevu ndefu" huko Guangzhou

Ndugu zangu mnaokwenda Guangzhou kufuata mzigo, hasa mnaofikia mtaa wa Xiaobei: akitokea mtu na sarafu kubwa ya madini ya fedha yenye joka, imefungwa ndani ya kisanduku kigumu cha plastiki chenye namba, msitoe hata yuan moja. Mimi nilitoa 6,500, na nilipofika nyumbani nikaongeza nyingine. Naeleza yote kama yalivyokuwa.

Aliyeniletea ni Mswahili mwenzetu. Tulikutana mgahawani, akaniita kaka, akanitafsiria kwa mwenye stoo bila kudai chochote. Siku ya tatu ndipo akaitaja sarafu. Alisema mzee mmoja wa Kichina ana shida ya haraka, anauza urithi wa babu yake: sarafu ya majaribio ya mwaka 1911, mwaka wa tatu wa utawala wa Xuantong, yaani Puyi, yule mtoto aliyekuwa mfalme wa mwisho wa China. Akafungua simu nione bei za minadani. Mamia ya maelfu ya dola.

Hatari ya mtu huyu ni kwamba mengi aliyosema ni kweli, nimeyafuatilia mwenyewe. Majimbo ya China yalikuwa yakijipigia dola zao za fedha. Guangdong ilianza mwaka 1889 kwa mashine zilizotoka Birmingham. Mwaka 1910 serikali ya Qing, yaani ukoo wa kifalme wa Puyi, ikapitisha kanuni kwamba nchi nzima itumie dola ya aina moja. Kiwanda cha sarafu cha Tianjin kikapiga sampuli kadhaa za majaribio, nakshi zikachongwa na Mtaliano, Luigi Giorgi, na tofauti zake utaziona kwenye joka: kuna lenye ndevu ndefu, lenye ndevu fupi, na lililogeuzwa. Muundo mmoja tu ndio ulioingia mtaani kwa wingi, tena wakati mapinduzi ya kuung'oa ufalme huo yameshaanza mjini Wuchang, tarehe 10 Oktoba 1911. Februari iliyofuata Puyi akaachia kiti. Sampuli zilizobaki ni chache mno, ndiyo maana matajiri huzigombea. Bei alizonionyesha zilikuwa za kweli. Kitu alichoshika mkononi ndicho kilichokuwa cha uongo.

Kilichonimaliza ni kile kisanduku. Kampuni mbili za Marekani, PCGS na NGC, hukagua sarafu, huzipa daraja, kisha huzifungia kwenye plastiki yenye namba ambayo unaweza kuitafuta kwenye tovuti yao. Niliitafuta palepale, ikatokea, jina na daraja vilevile. Moyo ukatulia. Sikujua kwamba matapeli hughushi hata visanduku, na hunakili namba ya sarafu halisi iliyo kwa mtu mwingine kabisa. Nilisoma maandishi, picha sikuitazama. Niliporudi kuitazama nikiwa nyumbani, sarafu ya kwenye picha ilikuwa na doa jeusi karibu na ukingo. Ya kwangu ilikuwa inang'aa pande zote. Mkitafuta namba, kaeni na ile picha, mlinganishe kila mkwaruzo. Na kama hakuna picha, namba peke yake haiwatoshi.

Pigo la pili lilikuja wiki mbili baada ya kurudi Dar. Mtu akaniandikia, anasema ni wa kampuni ya mnada Hong Kong, ana mteja wa "ndevu ndefu". Amejuaje kwamba ninayo? Sikujiuliza. Akataka dola 400 za katalogi na bima, nikatuma. Baada ya siku nne akataka ada ya uhakiki, hapo nikashtuka. Kampuni za mnada zenye jina hukata kamisheni yao sarafu ikishauzwa. Utapeli huu umewaliza hata Wachina wenyewe: mtu mwenye sarafu ya babu yake anaambiwa ina thamani ya mamilioni, analipishwa ada ya maonyesho na matangazo, na mnunuzi haonekani kamwe.

Nikaipeleka kwa sonara ninayemwamini, tukavunja kisanduku. Dola halisi ya mwaka ule ina uzito wa karibu gramu 26.9, na asilimia 90 yake ni fedha. Yangu ilikuwa 26.7, na sumaku haikuivuta. Hadi hapo ningeweza kudanganyika tena. Sonara akaweka glasi ya maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaining'iniza sarafu kwa uzi hadi ikazama bila kugusa chini. Ya fedha ingesoma kama gramu 2.6. Yangu ikasoma 3.0, maana ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, madini mepesi kuliko fedha, kwa hiyo ili ifikie uzito ule lazima iwe nene zaidi, na ikizama husukuma maji mengi zaidi. Kipimo hiki kinafichua feki za bei rahisi tu. Zipo zinazopigwa kwa fedha kabisa, na hizo zinahitaji jicho la mtaalamu.

Mwenzangu wa Mombasa yeye aliambiwa sarafu kama hii ilitoka kwenye merikebu ya Zheng He, nahodha mkuu wa China wa zamani, iliyozama karibu na Lamu. Safari za Zheng He ni za 1405 hadi 1433, na sarafu ya enzi yake iliyochimbuliwa kisiwani Manda, habari zake zikatangazwa 2013, ina tundu la mraba katikati. Dola ya joka haina tundu, tena ina maneno ONE DOLLAR.

Na hata ungepata ya kweli, sheria ya China hairuhusu kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Yule bwana alinishauri niifiche kwenye soksi. Nilipaswa kuondoka dakika ileile.

Bado yuko huko, anajitambulisha kama wakala wa mizigo, na namba ya simu ameshabadilisha. Aliyeuziwa na mtu wa namna hii anitafute. Nimehifadhi mazungumzo yote ya WeChat, namba ya kisanduku na risiti za kutuma pesa, na tukienda polisi wengi ni tofauti na nikienda peke yangu.