TAHADHARI: Echingi ya "Joseph Pennell" inayouzwa mtandaoni ni feki

Ndugu zangu mnaopenda michoro ya zamani, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anatangaza echingi (mchoro uliochapwa kutoka bamba la chuma) ya jengo refu likijengwa New York: mihimili ya chuma hewani, winchi juu kabisa, na vibarua wadogo kama sisimizi. Anasema ni kazi halisi ya Joseph Pennell, mchoraji Mmarekani aliyefariki 1926. Nikaamini, nikalipa. Nilicholetewa ni nakala ya mashine.

Niliitoa kwenye fremu nikaweka kioo cha kukuzia juu ya mnyororo wa winchi. Mstari wa echingi hutoka kwenye bamba la chuma, mara nyingi shaba. Tindikali hula chuma, wino hujaa kwenye mfereji, kisha karatasi mbichi hubanwa kwa nguvu mpaka iunyonye. Ndiyo maana wino huinuka kidogo juu ya karatasi. Mnyororo wangu ulikuwa nukta tupu, kama picha ya gazeti! Sahihi nayo ilikuwa nukta, wakati penseli ya kweli hung'aa ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Kilichoniponza ni ule mbonyeo ambao ukingo wa bamba huacha kwenye karatasi kuzunguka mchoro. Alinipigia picha yake kama ushahidi, nami nikaridhika. Kumbe mbonyeo huo unaweza kubandikwa hata kwenye nakala, kwa kubana kipande cha chuma kitupu juu ya karatasi. Usiutegemee peke yake.

Ila msichanganye mambo: mkiona mtaa umegeuka, kushoto kumekuwa kulia, huo si utapeli. Pennell alizoea kuchora moja kwa moja kwenye bamba akiwa palepale, na bamba likichapwa hugeuza kila kitu.

Nilipomwomba picha ya karibu ya mistari kabla ya kununua, alisema kuna mteja mwingine yuko njiani, nilipe haraka, tena nje ya mfumo wa malipo wa tovuti. Hapo ndipo nilipaswa kuacha. Nilipolalamika akaniblock.

Sasa amerudi kwa jina jipya, lakini picha ya tangazo ni ileile: doa la kahawia kona ya chini kulia, na kivuli cha kidole kwenye ukingo wa juu. Mkiiona, msilipe, na mripoti tangazo.