Pasi za kuruka foleni kwenye bustani kubwa za michezo: ipi ununue, ipi uiache

Nianze na hili maana ndo linaloumiza watu mfukoni: pasi ya kuruka foleni, yaani ile ya kupita upande wa haraka kwenye michezo ya kupanda ya bustani kama za Disney, Universal na Six Flags, sio tiketi ya kuingia. Getini unalipa kwanza, alafu pasi unailipia juu yake, tena ni kwa kila kichwa sio kwa familia. Kwahiyo ukiona imeandikwa dola 30 na nyie mko watano, hiyo ni dola 150 kwa siku moja kwenye bustani moja, na kama mnakaa siku nne na kila siku mnanunua basi mmeshafika dola 600 na hamjala wala hamjanunua maji. Ndo maana nataka nizipange kuanzia ile ambayo ningeilipia bila kusita mpaka ile ambayo hata ningekuwa na hela nisingeigusa.

Zamani hii kitu ilikuwa bure kabisa. Disney walianzisha FastPass mwaka 1999, unachukua kikaratasi kwenye mashine, kinakwambia rudi saa fulani, ukirudi unapita upande wa haraka, hakuna aliyelipa kitu. Ikadumu mpaka bustani zilipofungwa 2020 kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa haikurudi. Oktoba 2021 ikaja pasi ya kulipia inaitwa Genie+ kule Orlando, Marekani, kwa dola 15, haikupita muda bei ikaanza kubadilika kwa siku, na mwisho wa 2023 siku za sikukuu ilikuwa inakaribia dola 40. Julai 2024 wakabadilisha jina na utaratibu, sasa inaitwa Lightning Lane Multi Pass.

Na uelewe pia kwanini foleni zenyewe ziko vile. Rola kosta moja, ile treni ya reli inayopanda na kushuka kwa kasi, ina viti vyake, tuseme inabeba watu 1,200 kwa saa, haiongezeki hata bustani ikijaa namna gani. Watu wa pasi wakichukua viti 800 kati ya hivyo, wale wa foleni ya kawaida wamebakiwa na 400 tu, kwahiyo foleni yao inatambaa. Yaani pasi haitengenezi viti vipya, inahamisha tu nani akae kwanza. Hii ina maana moja kubwa kwa mnunuzi: siku ambayo watu ni wachache pasi haina kazi, unalipia kuruka foleni ya dakika 10. Siku ya watu wengi pasi ni dhahabu, lakini siku hiyohiyo ndo bei iko juu na zinaisha mapema.

Kabla hujatoa hata senti kuna vitu vya bure ambavyo watu hawavitumii na inanisikitisha kweli. Cha kwanza ni kuwahi. Sio kufika saa ya kufungua, ni kuwa umesimama getini nusu saa au zaidi kabla ya kufungua, maana saa ya kwanza ya asubuhi unaweza kupanda michezo mitatu mikubwa ambayo saa sita mchana kila mmoja unakula lisaa na zaidi. Ukilala kwenye hoteli za Disney kule Orlando unaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine kwenye bustani yoyote kati ya zile nne za Disney za pale (Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom), kila siku. Cha pili ni foleni ya mtu mmoja mmoja, michezo kadhaa inayo, wanakutumia kujaza kiti kilichobaki, mtatenganishwa ndani ya behewa lakini mnapanda haraka. Kwa vijana na watu wazima hiyo pekee inaweza kuua haja ya pasi. Cha tatu ni kwa wenye watoto wadogo, Disney wanaita Rider Switch na Universal wana Child Swap: mzazi mmoja anabaki na mtoto, mwingine anapanda, alafu mnabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya. Bure kabisa, unamuuliza tu mhudumu pale mlangoni.

Na kama una mtoto mwenye usonji au hali kama hiyo ambayo hawezi kuvumilia foleni, tafadhali usikimbilie kununua. Disney wana huduma ya watu wenye ulemavu inaitwa DAS, haina malipo, unaongea nao kwa video kabla ya safari na wakikukubalia unapewa muda wa kurudi badala ya kusimama. Masharti waliyakaza 2024 kwahiyo sio kila mtu anapita, ila anza na hapo.

Sasa tuje kwenye za kulipia.

Namba moja kwangu ni Express, pasi ya Universal Orlando, lakini ile unayoipata kwa kulala hotelini, sio ile ya kununua dirishani. Hoteli tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, kila mgeni aliyeandikishwa kwenye chumba anapata Universal Express Unlimited bila kuongeza hela, na neno Unlimited hapo lina maana yake, mchezo huohuo unarudia utakavyo. Kinachoifanya iwe ya kwanza ni kwamba inafanya kazi siku mnayoingia na siku mnayotoka. Yaani ukilala usiku mmoja tu unapata siku mbili nzima. Mnafika asubuhi, mnaacha mabegi mapokezi, mnapewa pasi hata kama chumba hakijawa tayari, mnaingia bustanini, kesho yake mnakabidhi chumba na mnaingia tena mpaka jioni. Sasa familia ya watu wanne au watano piga hesabu, Express ya kununua kwa watu watano kwa siku mbili ukilinganisha na chumba kimoja cha usiku mmoja, mara nyingi chumba kinashinda na umepata na kitanda. Ukiwa peke yako au mko wawili hesabu inaweza kugeuka, kwahiyo angalia bei zote mbili za tarehe yako kabla ya kubuku.

Ila hapa kuna mtego na nimeona watu wakilia nao. Ile ya hoteli inafanya kazi kwenye Universal Studios Florida na Islands of Adventure tu. Epic Universe, ile bustani mpya iliyofunguliwa Mei 2025, haimo. Volcano Bay ya maji nayo haimo. Na sio kila hoteli ya Universal inatoa, zile za bei nafuu hazitoi, kwahiyo usione jina Universal kwenye hoteli ukadhani umemaliza. Ukinunua dirishani pia soma vizuri, iko Express ya kawaida ambayo kila mchezo ni mara moja tu, na iko Unlimited, tofauti ya bei ipo na wengi wanagundua wakiwa mlangoni mara ya pili.

Namba mbili ni Lightning Lane Multi Pass, lakini naiweka hapa kwa Magic Kingdom peke yake. Ile bustani ina michezo mingi sana inayoingia kwenye pasi, kwahiyo hela yako ina pa kwenda. Inavyofanya kazi unachagua michezo mitatu mapema kwenye apu, kwa kila mmoja unapewa muda wa kurudi wa lisaa limoja, ndo unaitwa dirisha, na ukishautumia wa kwanza ndani ya bustani unaruhusiwa kuchukua mwingine, unaendelea hivyo siku nzima. Wanaolala hoteli za Disney wanabuku siku 7 kabla, wengine siku 3, na inafunguka saa 1 asubuhi kwa saa za Orlando, kwahiyo weka alamu kwa hesabu ya saa za kule sio za ulipo wewe. Siri yenyewe ambayo wengi hawaifuati ni hii: yale matatu ya mwanzo yaweke asubuhi mapema iwezekanavyo. Mtu anachagua saa nane mchana, saa kumi na saa kumi na moja jioni kwa sababu anaona ndo atakuwa amechangamka, matokeo yake mpaka saa nane hajatumia hata moja na hawezi kuongeza, siku imekwisha amepanda mitatu kwa hela ya kupanda saba au nane.

Hollywood Studios ningeinunua siku ya watu wengi tu. Animal Kingdom sinunui, michezo ni michache mno, ukiwahi asubuhi umeshamaliza kazi. Epcot hapo katikati, inategemea na watoto.

Kule Disneyland ya California utaratibu ni tofauti kidogo, unaanza kuchagua ukishaingia, hakuna mambo ya siku 7, na inakuja na picha zote zinazopigwa na wapiga picha wao. Bustani mbili zinatazamana mlango kwa mlango, kwahiyo kama tiketi yako inakuruhusu kuvuka, pasi moja inahudumia zote mbili. Kwa kweli ile naiona ina thamani kuliko ya Orlando.

Namba tatu ni kulipia mchezo mmoja mmoja. Disney Orlando wanaita Single Pass, ni kwa ile michezo mikubwa kabisa ambayo haimo kwenye Multi Pass, kama TRON pale Magic Kingdom au Rise of the Resistance pale Hollywood Studios. Disney ya Tokyo wana Premier Access tangu Mei 2022, unalipia kwa kila mchezo, na Disneyland Paris nao wanayo yao. Hii naipenda kwa mtu ambaye ana kitu kimoja tu kilichompeleka pale. Umesafiri mbali, unataka ule mchezo mmoja, lipia huo, mengine yote tumia miguu na uvumilivu. Ni njia nzuri pia ya kuzuia mkono usikimbilie simu, maana kile kitufe cha kununua kiko karibu sana jamani na ukiwa umechoka kwenye jua unabonyeza tu.

Namba nne ni Fast Lane za bustani za rola kosta kama Cedar Point, na zile za Six Flags ambazo kwa miaka mingi ziliitwa Flash Pass; wenye bustani hizo tangu Julai 2024 ni kampuni moja. Fast Lane ni bangili unavaa mkononi, unapanda mara nyingi unavyotaka, kwa mpenzi wa rola kosta ni raha tupu hasa Jumamosi za Oktoba za Halloween ambapo watu wanamwagika. Lakini Jumanne ya mwanzoni mwa Juni huihitaji. Na kuna jambo la hali ya hewa, zile rola kosta ndefu zinasimamishwa upepo ukizidi au radi ikipiga, Millennium Force pale Cedar Point ina mita 94 kwenda juu na iko kando ya Ziwa Erie, ikifungwa imefungwa kwa wenye bangili na wasio na bangili. Kwahiyo mimi utabiri wa mvua naangalia kabla ya kununua, sio baada. Kwa Six Flags angalia daraja. Lile la chini kabisa la Flash Pass kwa miaka mingi halikuwa linapunguza muda wa kusubiri, lilikuwa linakuruhusu tu kusubiri muda uleule ukiwa umekaa kivulini badala ya kusimama. Hiyo ina faida yake kwa mwenye mtoto au mzee ila usidhani umenunua kupita mbele.

Ya mwisho kabisa ni Lightning Lane Premier Pass. Ilianza Oktoba 2024, haina kubuku wala dirisha la saa, unapita kila mchezo mara moja wakati wowote. Orlando ilipoanza bei ilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, kutegemea bustani na tarehe. Familia ya watu wanne siku ya Krismasi unaongelea karibu dola 1,800 na tiketi bado hujanunua! Na hata kurudia mchezo hairuhusiwi. Wakati ile ya hoteli ya Universal inarudia bila kikomo na una pa kulala. Siwezi kumshauri mtu yeyote.

Kitu kingine ambacho kiliniuma mwenyewe ni urefu wa watoto. Nilinunua pasi kwa familia nzima kwenye bustani moja, tukafika mchezo wa kwanza mtoto akapimwa, hakufika. Wa pili hakufika. Kwenye mitatu mikubwa niliyokuwa nimemlipia hakupanda hata mmoja, alikuwa analia na mimi nimeshikwa na uchungu, na hela hairudi. Mpime mtoto nyumbani akiwa bila viatu, alafu linganisha: TRON ni sentimita 122, Space Mountain 112, Seven Dwarfs Mine Train 97, VelociCoaster ya Universal ni 130. Ukikuta mtoto anaruhusiwa michezo miwili mitatu tu ya kwenye pasi, usimnunulie yeye, wanunulie wakubwa tu na mtumie ile njia ya kubadilishana. Chini ya miaka mitatu kwa Disney hata tiketi hahitaji.

Ukishaamua kununua, tiketi za watu wote ziunganishwe kwenye akaunti moja kabla ya siku yenyewe, maana kuanza kuunganisha pale getini na mtandao unazunguka huku dirisha lako la kwanza linapita ni mateso. Simu iwe na chaji na ubebe pawabenki, kila kitu kiko humo. Na mchezo ukiharibika ndani ya dirisha lako kule Disney usiondoke na hasira, fungua apu uangalie, kwa kawaida pasi inageuka kuwa ya kutumia kwenye mchezo mwingine baadae siku hiyohiyo, ila wengi hawaangalii mpaka wamesharudi hotelini.