Mbuzi choma kawaida, kachumbari ndo habari yenyewe

Wakuu kuna kibanda kimoja cha mbuzi choma huku Sinza, nyama yao ya kawaida tu ila mboga za pembeni sasa, dah! Kachumbari wanakata ukishaagiza, vitunguu vinafikichwa na chumvi vinasuuzwa ule ukali unatoka, nyanya ngumu ngumu, tango, ndimu inakamuliwa mbele yako, sio ile imelala kwenye ndoo tangu asubuhi inaelea maji. Mchicha wa nazi upo pia ila mafuta yalizidi, na choma tayari ina mafuta yake jamani. Pilipili ya kusaga wanatia embe bichi, onja kidogo kwanza. Ndizi za kuchoma zimekuja nyama ishapoa, hapo wajirekebishe. Kachumbari ukiomba nyingine wanaongeza bure.