Flashi, CD, kanda au santuri: uzoefu wangu wa kutoa albamu ya bendi Mombasa

Bendi nyingi huchagua kwa macho: santuri inapendeza mkononi, basi tuagize santuri. Mimi naanzia upande wa mnunuzi, kwa mashine aliyo nayo. Hapa Mombasa mashine hiyo mara nyingi ni redio ya matatu, ya tuk-tuk au ya gari dogo yenye tundu la USB, ama spika ya nyumbani yenye tundu hilo hilo. Mdomo wa CD bado uko kwenye magari mengi ya mtumba kutoka Japani. Deki ya kanda imebaki kwa wazee waliokataa kuitupa na kwa vijana wachache walioanza kuitafuta upya. Mashine ya santuri iko kwa watu wa kuhesabika, na wengi wao wako ng'ambo. Fomati zote nne nimezitumia, na kwa bendi isiyo na lebo nyuma yake naziweka kwa mpangilio huo huo.

Kipimo changu cha sauti ni kayamba. Mbegu zinazokimbia ndani ya matete hutoa sauti ya juu, kavu, isiyotulia, na kila fomati huiharibu kwa njia yake. Chukueni wimbo wenye kayamba zito, uwekeni kwenye fomati mnayoitaka, kisha usikilizeni kwenye redio ya bei nafuu, si kwenye spika za studio. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hugeuza kayamba kuwa kama maji yanayochemka. Kanda ya kawaida hulififisha. Santuri hulikwaruza zikibaki dakika chache upande uishe. CD pekee hulitoa kama lilivyo kwenye masta, yaani rekodi ya mwisho ambayo nakala zote hutolewa.

Nianze na flashi, kwa sababu ndiyo inayouzika zaidi na ndiyo bendi nyingi huitengeneza ovyo.

MP3 ya kilobiti 320 hula kama megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 45 haifiki megabaiti 110. WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya ubora wa CD hula kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika. Flashi ya GB 4 inabeba zote mbili na kijitabu cha mashairi juu yake; hamna haja ya kulipia GB 32. Tumieni kilobiti 320 zisizobadilika. Zile zinazopanda na kushuka huzifanya redio za zamani kuonyesha muda usio sahihi. WAV zifungeni ndani ya faili moja ya zip, la sivyo redio inayosoma WAV itapiga kila wimbo mara mbili na mteja ataona bendi haijui kazi.

Flashi ifomatiwe kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao redio nyingi huuelewa. Redio nyingi za gari hazisomi exFAT wala NTFS: zinawasha taa, zinatafuta, zinanyamaza, na mteja anasema flashi mbovu.

Kosa linaloua albamu nyingi ni mpangilio wa nyimbo. Redio nyingi hazifuati alfabeti. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa nao kwenye flashi. Ukizikamata nyimbo zote kwa pamoja na kuzivuta, kompyuta inaweza kuanza kuandika ule ulioushika kwa kipanya, kisha zingine. Kwenye skrini yako utaona 01, 02, 03 safi kabisa, kumbe kwenye matatu albamu inafunguka na wimbo wa saba. Dawa ni hii: majina yaanze na namba mbili (01, 02), nakilini wimbo mmoja mmoja kwa mpangilio, au pitisheni programu ya fatsort kwa Linux, DriveSort kwa Windows. Ikishakaa sawa, nakilini flashi nzima kama picha moja ya diski (faili moja yenye kila kilichomo, kwa mpangilio wake), si faili kwa faili. Hapo pia kuna mtego: flashi mbili zilizoandikwa GB 4 hazilingani hasa, na picha ya ile kubwa kidogo haitaingia kwenye ile ndogo. Tengeni sehemu ya GB 2 tu kwenye flashi mama na kunakili hiyo.

Anayetumia Mac ana shida yake. Mac huacha faili zilizofichwa zinazoanza na nukta na mstari wa chini, moja kwa kila wimbo. Redio huziona kama nyimbo, inajaribu kuzipiga, inakwama au inaruka kwa kimya. Amri ya dot_clean -m inazifuta. Ama nendeni mkamalizie kazi kwenye Windows.

Maelezo ya ndani ya faili (jina la wimbo, la bendi, la albamu) yaandikwe kwa ID3 toleo 2.3, maana 2.4 huzishinda redio nyingi za zamani. Picha ya kava iwe JPEG ya kawaida, pikseli 500 kwa 500 inatosha. Na kila shehena ya flashi ipimeni kabla hamjalipa yote: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Flashi feki hujitangaza GB 16 na ndani ina 4 au pungufu, na chipu zenyewe mara nyingi ni makombo yaliyokataliwa kiwandani. Albamu yenu ndogo itaingia vizuri leo, kisha baada ya miezi wimbo wa tatu haufunguki.

Mteja ataifuta, hilo litarajieni. Flashi ni kifaa chenye kazi nyingine. Ndiyo maana naweka kadi ndogo yenye msimbo wa kupakulia albamu ndani ya kila pakiti. Bandcamp inatoa misimbo ya namna hiyo, mmoja kwa kila nakala, ukitumika umeisha. Na kwa kuwa hewa ya chumvi hula meno ya USB, chagueni yenye kifuniko, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu.

CD ina njia mbili, na watu huzichanganya. Kuchoma CD-R ni kazi ya mtaani: unaweza kufanya 30 au 50 kwa jioni moja. Kuchapa kiwandani ni kutoa muhuri wa chuma kutoka kwa masta ya kioo na kufinyanga plastiki, na viwanda huanza kukubali kazi kwenye nakala 300 au 500. CD-R huhifadhi muziki kwenye rangi, na rangi hiyo huchoka kwa jua na joto. Mtu akiibana kwenye kizuia jua cha gari linaloegeshwa Marikiti mchana kutwa, itaanza kurukaruka. Ya kiwandani haina rangi hiyo. Adui yake ni unyevu ukipenya pembeni na kuila alumini, kwa hiyo kagueni ukingo: kile kifuniko cha vanishi lazima kifike mwisho.

Mkichoma wenyewe, chomeni diski nzima kwa mkupuo mmoja, kwa kasi ya kati. Wimbo mmoja mmoja huacha pengo la sekunde mbili, na taksimu (kipande cha ala cha kufungulia wimbo wa taarab) inayoingia kwenye wimbo bila kusita itakatwa hapo. Iwe CD ya sauti, dakika zisizozidi 80, si diski ya MP3, maana deki za hoteli na za studio za redio ndogo nyingi hazisomi MP3. Na msibandike stika ya karatasi juu ya diski kamwe. Ndani ya redio ya gari yenye mdomo, joto hulegeza gundi, karatasi inainua ukingo, diski inakwama ndani. Fundi atafungua dashibodi nzima na lawama itakuwa ya bendi. Nunueni CD-R zenye uso mweupe wa kuchapwa kwa printa.

Kanda naipenda, na pwani hii ina deni nayo: taarab ya Mombasa iliingia kila nyumba kwa kanda, na duka kama Mbwana Radio Service lilikuwa lebo na soko kwa wakati mmoja. Lakini leo naitoa chache, kwa wanaoijua. Chukueni C60, dakika 30 kila upande. C90 ina utepe mwembamba zaidi, na utepe mwembamba hunyooka na kumezwa na deki iliyochoka. Upande mrefu uwe A, ili msikilizaji asisubiri kimya kirefu kabla ya kugeuza. Acheni sekunde 5 au zaidi mwanzoni, kwa sababu kipande cha kwanza hakirekodi. Vunjeni vile vijimeno viwili vya juu, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta kazi yenu. Kwa kayamba, punguzeni sauti za juu kidogo kwenye masta ya kanda badala ya kuzipandisha. Utepe wa kawaida ukilazimishwa juu hujaa na kupasua. Kabla ya kuhifadhi, rudisheni kanda hadi mwanzo na kuiweka wima, mbali na sakafu, maana ukungu wa masika hauna huruma.

Santuri ni fedha nyingi, na nasema hivi nikiithamini. Mombasa iliwahi kuwa na biashara yake ya santuri. Lebo ya Mzuri ya duka la Assanand ni ya hapa hapa. Siku hizi mnaagiza nje. Santuri ya inchi 12 yenye gramu 140, ikiwa na kava, hufika gramu 240 hivi, kwa hiyo nakala 300 ni zaidi ya kilo 70. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hukadiria kodi kwa bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, ikimaanisha gharama ya ndege nayo inatozwa ushuru, kisha VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya yote hayo, na ada za IDF (ya tamko la uagizaji) na RDL (ya kuendeleza reli) ziko palepale. Msiagize kabla wanunuzi hawajalipa mbele angalau nusu ya nakala.

Masta ya CD haifai kwa santuri. Kwa kasi ya 33⅓, upande wa inchi 12 unapenda dakika 18 hadi 20. Mkisukuma 25, mifereji inabanana, sauti inashuka na mvumo wa sindano unasikika. Besi iwe katikati, si kushoto wala kulia, vinginevyo sindano huruka. Nyimbo zenye kayamba na shangwe ziwekeni mwanzo wa upande. Karibu na kitovu mfereji ni mfupi kwa kila mzunguko na sauti za juu hupasuka, kwa hiyo pale wekeni wimbo wa polepole, wa gambusi na fidla.

Kabla ya shehena, kiwanda hutuma sampuli chache. Zisikilizeni zote, pande zote, kwa mashine zaidi ya moja. Mlio wa "tak" ukitokea mahali pale pale kwenye kila nakala, kasoro mara nyingi iko kwenye muhuri: kataeni na kudai mwingine. Ukitokea kwenye nakala moja tu, ni mkwaruzo wa hiyo nakala. Halafu tafuteni noti ndefu ya fidla. Ikiwa sauti inapanda na kushuka kila baada ya sekunde 1.8, tundu halikutobolewa katikati, na msisaini chochote hadi kiwanda kirekebishe.