Risasi moja, halafu kimya: uzoefu wangu na FAL

Anayetaka uzito wa FAL, bunduki ya kivita iliyobuniwa Ubelgiji, na urefu wa mtutu wake atafute mwenyewe, hayo yamejaa kila mahali. Mimi FAL nimeibeba miaka isiyopungua sita. Nimelala nayo, nimevuka nayo maji ya kifua, nimepimia nayo kina cha tope kabla ya kutia mguu. Kwa hiyo nikisoma vijana wanaandika kwamba FAL haijawahi kumwangusha mtu, damu inanichemka. Mimi iliniangusha, na siku iliponiangusha sikuwa kwenye uwanja wa shabaha.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, au umeshaingia wa tatu. Kilengeo cha mbele kilikuwa kimelegea, risasi zinakwenda zinakotaka, nikaipeleka ghala la silaha mchana. Njoo jioni. Jioni, njoo baadaye. Baadaye ikawa usiku, na sisi tunatoka doria kabla ya alfajiri. Koplo wa ghala akanisukumizia bunduki pale dirishani, na daftari juu yake.

"Saini."

Nikauliza kama imejaribiwa. Akanitazama kama niliyekwenda kumkopa pesa. "Saini, kuruta. Wenzako wanasubiri."

Kuruta! Mimi niliyekwisha maliza soli za buti jozi mbili. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mtu wa ghala ukimuudhi leo, kesho anakupa blanketi lenye matundu. Nikasaini. Nikaikagua palepale gizani: chemba tupu, nikakoki, nikaachia, ikalia vizuri. Kelele ile ya chuma kukaa mahali pake, aliyeishika FAL anaijua. Nikaamini sikio.

Asubuhi tukashambuliwa kutoka upande wa kushoto. Nikalala, nikalenga, nikafyatua, ikatoka. Nikafyatua tena, kimya. Traiga imelegea kidoleni kama jino bovu, haina kitu nyuma yake. Nikavuta mkono wa koki, ganda likaruka, risasi mpya ikaingia, nikafyatua, ikatoka. Kisha kimya tena. Nikabadili magazini. Nikaipiga kofi. Nikaitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kila risasi nikawa naivuta kwa mkono, moja, vuta, moja, vuta, kama mzee anayewinda ngiri kwa bunduki ya babu yake. Mwenzangu pembeni akanipigia kelele, "Wewe vipi, unazihesabu?"

Yote hayo yalikwisha kwa dakika chache. Wakakimbia, hakuna aliyeumia upande wetu. Na sasa sikilizeni kichekesho: sajini akanisifu mbele ya wenzangu kwa kutopoteza risasi. Nikapokea sifa, nikanyamaza. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nikaificha kwapani.

Tuliporudi nilikwenda ghala moja kwa moja, sijavua hata mkoba. Koplo yuleyule. Akaichukua, akaitazama kwa sekunde mbili hivi, akabonyeza kipini kidogo kule mbele kwa ncha ya risasi, akachomoa kizibo cha gesi, akakigeuza, akakirudisha. Basi. Kazi ya kuwasha kiberiti.

Kwa wasioijua: FAL hujikoki kwa gesi ya risasi yenyewe. Gesi kidogo huponyoka kwenye tundu la mtutu, husukuma pistoni, pistoni hurudisha boliti nyuma. Kizibo cha mbele kina mikao miwili. Herufi A ikiwa juu, gesi inapita. Ukikigeuza, njia inafungwa, kwa sababu unapofyatua guruneti kutoka mdomoni mwa mtutu unataka nguvu yote iende kwenye guruneti. Mtu fulani, aliyekuwa na kazi ya kushughulikia kilengeo tu, alikuwa amekifungua kizibo changu akakirudisha kichwa chini.

"Bunduki yako haina kosa," akasema. "Kosa unalo wewe." Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye saini yangu, akacheka. Hakuniuliza kama tumerudi wote. Kile kidole naweza kukichora hata leo, kilikuwa na kucha iliyopasuka.

Kwa hiyo kwa miaka nilisema FAL ni takataka. Niliwaambia waliokuja nyuma yangu, na waliniamini kwa sababu nilisema kwa hasira. Nilikuwa na ushahidi pia: Waisraeli walilalamikia mchanga ndani yake, baadaye wakatengeneza Galil, bunduki yao wenyewe. Umeona? Nilikuwa nasema hivyo, umeona?

Ila nikitulia, na situlii mara nyingi, najiuliza ilinikosea nini hasa. Imefungiwa pumzi, bado risasi zote zilizokuwamo zikatoka moja baada ya moja, hakuna ganda lililonasa hata moja. Mkono wa koki uko kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia haukubanduka kwenye traiga. Na lile pete la kurekebishia gesi, jamani, sikulithamini mpaka baadaye. Bunduki ikichoka kwa masizi na vumbi, unalibana tundu hatua moja mbili, gesi zaidi inakwenda kwenye pistoni, inaamka. Niliwahi kuvuka msimu mzima wa vumbi hivyo, wenzangu wa silaha nyingine wakipiga magoti kusafisha.

Wale wa M16, bunduki ya Wamarekani, watanielewa. Vietnam, miaka ya 1960, askari walikutwa wamekufa na bunduki zao zimefunguliwa, ganda limenasa kwenye chemba. Dunia nzima ikasema bunduki mbaya. Lakini baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba haikupakwa kromu, na vijana walipelekwa vitani bila vifaa vya kusafishia, wengine wakidhani silaha ile haihitaji kusafishwa. Bunge la Marekani likachunguza mwaka 1967. Ikaja kromu, vikaja vifaa, ikatulia, na bado inabebwa mpaka leo. Walioitukana walikuwa wanamtukana mtu mwenye kalamu, hawakumjua tu. Mimi wangu nilimjua.

Na msiniletee AK. Naiheshimu. Lakini nilishawahi kupewa moja ambayo midomo ya magazini yake imepinda, ikakwama mara mbili kabla ya chai. Kule nako kulikuwa na ghala, na ghala lilikuwa na mtu.

Halafu hasira inarudi upande wa pili, na hapa sijui nimlaumu nani. Kwa nini kifaa kinachoweza kunigeuzia bunduki kuwa rungu kikae kichwa chini na bado bunduki ilie vizuri mkononi? Kwa nini dalili yake ni herufi moja ndogo iliyojaa masizi, ya kusomwa gizani na mtu anayeharakishwa? Tulifundishwa kuiangalia, kweli. Sikuiangalia. Mafunzo yalisema kagua kizibo, mimi nikakagua sauti. Nikifika hapo hupunguza nyota moja kwenye alama ninazoipa bunduki, kisha naiongeza, kisha naipunguza.

Basi niiweke nyota nne. Nilianza na mbili nilipokuwa naandika ile sehemu ya traiga. Koplo hapati kitu.

Siku ya kuirudisha kwa mara ya mwisho dirishani alikuwa kijana mwingine, mpole, ana haraka zake. Nilisugua kizibo kwa kidole mpaka A ikaonekana, nikamgeuzia aione. Akasema, "Iko sawa, afande, weka tu hapo." Nikalivuta daftari, nikamwekea kalamu juu yake.

"Saini," nikamwambia.