Reki ya theluji ya futi 21: paa linahudumiwa ukiwa chini

Maji yakianza kudondoka kutoka darini mwezi wa Januari, mwenye nyumba wa Portland, Minneapolis au Toronto, miji ya Amerika Kaskazini yenye theluji, hukimbilia ngazi. Iache ngazi. Reki ya theluji ni bapa la alumini la sentimita 60 hivi kwenye mpini wa kuunganisha wa futi 21, yaani mita 6.4. Kwa nyumba isiyo na ghorofa, hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kununua kabla baridi haijaingia, na tunakipa nyota nne kati ya tano.

Mara nyingi paa linalovuja wakati huo halijapasuka popote. Joto la ndani hupenya darini na kuyeyusha theluji kwa chini. Maji huteremka hadi upenuni, mahali ambapo joto la nyumba halifiki, na huko yanaganda. Siku chache baadaye kuna tuta la barafu, na maji yanayofuata yanatuama nyuma yake. Vigae vya lami hupangwa kwa kupandiana ili vimwage maji yanayoteremka. Yaliyotuama hupanda na kupenya chini ya vigae hivyo. Kwa hiyo kupaka lami juu ya kigae ni kupoteza lami. Ondoa theluji, tuta halina cha kulilisha.

Chagua reki yenye vigurudumu viwili kwenye bapa. Vigurudumu hulinyanyua bapa kidogo, lisikwaruze zile changarawe ndogo zinazokinga kigae na jua. Bapa tupu la chuma likivutwa mara kwa mara huzing'oa, na utaziona zimejaa kwenye mfereji wa mvua majira ya kuchipua.

Simama pembeni, mpini ukiwa umelala, usisimame chini ya theluji unayoivuta. Anza upenuni, kisha ongeza kipande cha mpini na usogeze bapa juu zaidi. Vuta kuelekea chini moja kwa moja. Ukivuta kwa ubavu, bapa huingia chini ya ncha za vigae na kuzikunja, na kigae kwenye baridi hukakamaa, huvunjika kama biskuti. Kata tabaka la sentimita 15 hadi 20 kwa mara moja. Bakiza sentimita 3 hadi 5 juu ya paa, zitayeyuka zenyewe jua likitoka. Wengi husafisha mita moja ya chini na kuondoka, halafu tuta jipya linajijenga pale theluji iliyobaki inapoanzia. Fikisha bapa juu kadiri mpini unavyoruhusu, na usiache upande mmoja wa paa mtupu na mwingine umelemewa. Uzito si wa kupuuza: sentimita 25 hadi 30 za theluji mpya huweka takriban kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na barafu ya sentimita 2.5 hufikia uzito uleule.

Nyota ya tano imepotelea kwenye maungio. Vifungo vya springi huingiza maji, usiku yanaganda, asubuhi vipande havifunguki wala havishiki. Kung'uta kila kipande na ukilaze ndani kikauke. Skrubu za bapa zikaze kila baada ya matumizi mawili matatu. Kwenye nyumba ya ghorofa mpini huu haufiki pa maana. Kuongeza kipande kingine kunaufanya uyumbe hadi usiutawale, na kupanda nao kwenye ngazi ni hatari kuliko theluji yenyewe. Halafu alumini hupitisha umeme: kama waya wa umeme unaingia nyumbani juu ya upenu huo, kaa mita 3 mbali nao au tafuta mpini wa faibaglasi.

Theluji ikishakuwa barafu, reki imefika mwisho wake. Usilipige tuta kwa nyundo wala shoka. Jaza kalsiamu kloridi, aina ya chumvi ya kuyeyushia barafu, kwenye soksi ndefu ya kike, ifunge, isukume kwa mpini ilale kukatisha tuta kutoka juu kwenda chini, ncha ikining'inia nje ya mfereji. Itachimba njia ya maji. Chumvi ya kawaida huchoka ikifika karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, tena hula misumari na kuua mimea iliyo chini. Ukiita kampuni, uliza kama wanatumia mvuke wa shinikizo dogo; maji ya moto ya shinikizo kubwa hung'oa vigae.

Na gipsamu ya dari ikishavimba kwa maji, zima umeme wa chumba hicho, weka ndoo, toboa mahali palipolegea zaidi kwa bisibisi. Maji yatatoka kwa tundu moja badala ya kuangusha ubao mzima.